Mkono Mgeni Kwenye Ukili

Ukili ulikuwa umeongezeka. Asubuhi Chausiku alifunga kitambaa chekundu pale alipokomea kusuka. Adhuhuri aliporudi, kitambaa kilikuwa palepale, lakini ule utepe wa miyaa ulikuwa umekipita kwa pima nzima. Na mlango aliukuta umefungwa kwa ufunguo.

Akakaa chini, mtoto mgongoni, akaupapasa. Haukuwa mkono wake. Kila msusi ana mkono wake bwana, na wa Chausiku ulilegea kidogo, maana alisuka huku anakoroga mboga, huku ananyonyesha, huku anaamua ugomvi wa wanawe wakubwa wawili. Huu ulibana.

Kipupwe kile kilimpata vibaya. Alfajiri alikuwa anauza uji wa moto karibu na machinjio ya Vingunguti, kwani baridi ya Julai watu hutaka kitu cha kupasha tumbo. Akitoka huko, asuke mkeka wa bibi harusi wa Tandika, na harusi hiyo inakaribia. Mtu mwingine angesema malaika wameshuka kumsaidia. Chausiku hakuwa mtu wa malaika.

"Ni mwanamke huyo," alisema shoga yake Hamisa, wa nyumba ya pili, akiuvutavuta ukili. "Lo! Anakaza kama anafunga nati. Nani anasuka hivi?"

"Marehemu mama mkwe wangu. Alilea watoto wa kiume watupu kwa mikeka, na mkono wake ulikuwa huuhuu."

"Basi ni mtu wa kwao, wa Mafia. Mumeo kampa ufunguo. Anaingia kwako anamsubiri, akichoka kusubiri anasuka. Shoga, hilo fumbo hilo! Wenzio wanavaliwa kanga za mafumbo, wewe unasukiwa: mume nimemchukua, na mkeka wako naumaliza."

Chausiku akamnyang'anya ukili.

Na kweli, mumewe Marijani alikuwa amebadilika. Fundi mitambo wa kiwandani, miaka yote anarudi na grisi mpaka kwenye kope, siku hizi ovaroli lake halina hata doa. Mwanaume akianza usafi ukubwani, ujue kuna anayemnusa. Mshahara anasema umechelewa. Tena mwaka ule viwanda vilikuwa vinauzwa, na wanaume chungu nzima wa mtaani walipunguzwa kazi, wanashinda barazani wanacheza bao. Yeye aliyebahatika kubaki ndiyo kapata jeuri ya kuhonga! Chausiku alilia kwa hasira. Alimpenda mwanaume yule, na hakuwa tayari kumchangia na mtu, wala kuachwa na watoto watatu na sufuria ya uji.

Akatega mtego. Kawaida miyaa huchemshwa na rangi mpaka ikolee. Yeye, mikono kaivika mifuko ya nailoni, aliipaka rangi ya zambarau bila kuichemsha, akaianika, akaiweka juu ya fungu. Ikishakauka huwezi kuitofautisha na iliyochemshwa. Lakini kwenye kipupwe miyaa inakakamaa, haisukiki mpaka uilowanishe. Na hiyo ukiilowanisha tu, rangi itakuganda vidoleni, haitoki kwa sabuni wala kwa ndimu.

Kesho yake adhuhuri, ukili ulikuwa umeongezeka tena, zambarau tupu.

Chausiku hakukaa. Alikwenda mbio kwenye hitima ya jirani, ambako wanawake wa mtaa walikuwa wanachambua mchele. Naima alikuwepo: mtu wa Mafia, mtalaka, mpangaji mpya, msusi hodari. Wenzake wote wanachambua, yeye kakaa tu, mikono kaificha ndani ya kanga.

"Naima, hebu toa mikono."

"Kwa nini, dada?"

"Toa nione!"

Chausiku akamvuta. Vidole vilikuwa vyeusi tii.

"Umeifunika rangi yangu, siyo? Kwangu unafuata nini, mshenzi wewe? Mume wangu au mkeka wangu?"

Ua zima likaacha kuchambua. Naima alimtazama, machozi yakimlengalenga. "Hii ni piko ya harusi, da Chausi. Mie Ijumaa naolewa. Kama kuna mtu anaingia kwako mchana, kamuulize mumeo."

Mmoja akaguna, mwingine akacheka, halafu wakacheka wote. Chausiku aliondoka pale anatamani ardhi ipasuke immeze. Aibu ilimjaa, lakini shaka haikumtoka hata kidogo. Kama si Naima, ni nani?

Jioni Marijani alirudi na ovaroli lake safi. Kila siku Chausiku ndiye aliyemmiminia maji ya kunawa. Leo alisema asisumbuke, atanawa mwenyewe nje bombani. Umeme ulikuwa umekatika. Akaja akakaa upande wa ukutani, mbali na koroboi.

Chausiku alitenga ugali na dagaa, akakaa mbele yake. Alikwishakata shauri: leo atamtaja huyo mwanamke, liwalo na liwe. Akaivuta koroboi katikati ili amwone vizuri usoni atakapodanganya.

"Za kiwandani?" aliuliza.

"We acha tu, mama Raudha. Mitambo imetusumbua kutwa nzima, hata kupumua hatukupata."

Marijani akanyoosha mkono kwenye sinia. Vidole vyake vyote vitano vilikuwa vya zambarau, mpaka kwenye kucha.