Kondoo Aliyejipandishia Bei

Zamani wanyama wa mlimani walikuwa wakinadi, kila mwaka, kibali kimoja cha kuwinda kondoo dume mmoja. Mwaka huo zamu ilimfikia Kondoo mwenye pembe kubwa kuliko wote. Badala ya kukimbia, alijificha nyuma ya kichuguu ili asikie bei yake.

"Magunia kumi ya chumvi," alisema Chui.

Kondoo aliona ametukanwa. Binamu yake mwaka jana alifika kumi na tano. Akabana sauti, akasema, "Ishirini."

Alitegemea Chui angepandisha bei. Chui akalamba makucha tu.

"Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu," alisema Fisi, dalali wao, kisha akamfuata Kondoo kichuguuni na kumpa kibali.

"Lakini kondoo mwenyewe ni mimi," Kondoo alinong'ona.

"Tunajua, bwana. Ila aliyenunua lazima awinde kabla ya mwezi kuandama."

Wakampisha. Kondoo akapanda mlima peke yake, kibali mdomoni. Nyuma yake zikasikika kwato. Akisimama, nazo zinasimama. Alipogeuka alimwona kondoo mwenye sura na pembe kama zake, ameshika kibali kilekile mdomoni, akimnyatia.

Ndipo alipohisi mdomo wake mtupu.