Kuku Aliyehamia kwa Bata

Palikuwa na kuku, Bi Tetea, mmbeya kama mimi na wewe. Kuku wenziwe walimfukuza kwa maneno yake, akaomba hifadhi kwa bata. Kwa lugha yao, Kibata, alijua "pole" na "asante" tu. Basi kila aliyemletea siri alijibiwa "pole", na siri ikafia hapo hapo.

"Mgeni wetu ana busara," akasema Bibi Bata, mwenye banda, mkali asiyetaka umbeya kwake.

Tetea akajiona walii. Hata kuwaza aliwaza kwa upole, macho chini.

Siku moja mdogo wake akaja kumjulia hali. "Vipi huku, dada?"

Kusikia Kikuku, mdomo ukafunguka wenyewe, ukamwaga yote aliyoyaona kwa macho: nani kamnunia nani, bata dume gani halali nyumbani kwake, yai la nani halikufanana na baba.

Kugeuka, Bibi Bata yuko mlangoni! Tetea akajua leo analala nje, aliwe na kicheche.

Bibi Bata akamsogelea, akanong'ona kwa Kikuku cha kuokoteza: "Rudia hapo pa yai, shoga, polepole. Kwa Kibata nisingethubutu hata kuuliza."