Nani Ataonja

"Mama, hebu tungojee hapo nje kidogo," muuguzi alimwambia mama aliyemleta bintiye Akoth kwenye kliniki ya mtaa wa Lindi kwa sababu ya maumivu ya tumbo.

Mlango ulipofungwa, alimuuliza yule msichana wa miaka kumi na minne maswali anayomuuliza kila kijana: sigara, bangi, pombe.

"Chang'aa," Akoth akasema. "Kila siku."

Midomo yake ilikuwa imebabuka, na ngozi ilichunika pembeni kila alipoongea.

"Nani anakupea?"

"Mathe, huyo ako hapo nje. Yeye ndiye hupika. Lakini ameokoka, hawezi kuonja, so mimi ndiyo huonja nimwambie kama iko sawa."

Muuguzi alivuta kiti karibu. Akamweleza polepole jinsi pombe inavyochoma tumbo, na jinsi inavyoharibu akili ambayo bado inakua. Akamfundisha namna ya kukataa bila kugombana.

"Leo ukifika nyumbani mwambie hutaki tena. Mimi pia nitaongea naye."

Akoth alisikiliza yote kwa adabu.

"Nilikataa wiki iliyopita, daktari. Akaita mdogo wangu."

"Mdogo wako ako darasa gani?"

"Bado ako nasari."

 Muuguzi akamshika mkono.

Mlango ukafunguka. Mama akachungulia, akampapasa bintiye kichwani kwa upole.

"Mmemaliza, daktari? Nimeacha kitu kwa moto."

Kabla muuguzi hajajibu, Akoth alikuwa ameshasimama.