Gesi ya Chini ya Sakafu

Mpimaji alilisukuma kwa goti sanduku la nguo lililofungwa kamba, akachutama mbele ya kigoda kilichokuwa kando ya kitanda, akakipuliza vumbi kijisanduku chake cheupe cha kupimia hewa na kukisoma upya, kana kwamba kusoma tena kungebadilisha kitu. Namba ilikuwa ileile, ndogo. Hewa safi. Hewa ya mlimani.

"Haiwezekani," alinong'ona.

Nyumba zote za mtaa huu zilikaa juu ya mwamba mmoja, na ndani ya mwamba huo mlikuwa na urani: atomu nzito mno, zilizoshindwa kujibeba. Kila moja huvunjika kwa wakati wake, bila kuguswa na mtu, ikawa kitu kingine, nacho kikavunjika tena, mpaka mahali fulani njiani hutokea gesi ya radoni. Haina rangi wala harufu. Hupenya kwenye nyufa za sakafu, na ikivunjikia kifuani mwa mtu humwachia maradhi. Kwa jirani wa kushoto kipimo kilikuwa kimepanda vibaya. Kwa wa kulia, vivyo hivyo. Hapa katikati, patupu. Mara ya tatu sasa!

Sababu aliijua. Dirisha alilolifunga mwenyewe kwa komeo la juu, akaomba lisiguswe, lilikuwa limeachama kiasi cha kupitisha ngumi. Sehemu ya chini ya mwanya ule ilisokomezwa shuka kuukuu.

"Unaona vituko vyake?" Mwana wa mwenye nyumba alisimama mlangoni akichezea funguo za gari. Alikuwa mwalimu wa udereva. "Amelitilia kigingi lisijifunge. Mama yangu huyu hana breki."

Mama mzee alikuwa kitini, mkono wa kulia umelala mapajani. 

"Mama," mpimaji alisema kwa upole, ingawa moyoni alitamani kupiga kelele, "dirisha likiwa wazi gesi inatoka, kipimo hakioni kitu. Unajiumiza."

"Nimesikia, baba."

"Husikia kila siku!" mwana alidakia. "Nimeapa mbele ya dada zangu: kipimo kikipanda, siku hiyohiyo namhamishia kwangu. Chumba kipo. Kina mizigo kidogo, lakini kipo. Sasa nikimtoa bila sababu, si watasema naitaka nyumba? Kila jioni nikitoka kazini napita kumbembeleza. Wapi!"

Mpimaji alilichomoa shuka, akavuta dirisha, akajinyoosha kwa ncha za vidole hadi kwenye komeo. Likalia kwa nguvu kuliko alivyokusudia.

"Ukiwa huko huko juu," mama mzee alisema, "nishushie kikombe changu rafuni. Bega hili tangu liteguke halipandi."

Alimpa kikombe, mawazo yakiwa kwenye kijisanduku.

"Wiki ijayo hiki kinakwenda mtaa mwingine," alisema. "Nikija nikakuta namba hii tena, itabidi niandike kwamba nyumba ni salama. Na mimi najua si salama."

Mwana alishusha pumzi. "Basi, tutafanyaje? Wewe andika tu. Umejitahidi, ndugu yangu. Twende nikusogeze." Akatoka kuwasha gari.

Mpimaji aliinama kukiwasha kijisanduku. Alikwisha kukata tamaa, lakini kazi ni kazi. Kabla kidole hakijafika kwenye kitufe, alihisi shati lake linavutwa.

"Kiache kwanza," mama mzee alisema kwa sauti ya chini. "Njoo kesho asubuhi, na nyundo na misumari. Ulipigilie dirisha hilo, tena uikate vichwa misumari ising'oke."

"Mama, sikuelewi."

"Shuka halizibi vizuri. Na komeo mkono wangu haulifikii." Kwa kisigino akalirudisha taratibu chini ya kitanda lile sanduku la kamba. "Nguo nimezifunga tangu siku ya kwanza ulipokuja."

Nje honi ililia mara mbili, kwa uchangamfu.

"Mama!" mwanawe aliita. "Jioni napita, kama kawaida!"