Shati la Sajini

Mara mbili jopo la madaktari lilimnyima Sajini mstaafu Mwambeta malipo ya ulemavu. Mara zote mbili aliingia kwao amenyooka, shati limefungwa hadi shingoni, akawapigia saluti kwa mkono uleule uliovunjika vitani. Nani angeamini kwamba mkono ule haushiki hata kijiko?

Safari hii mkewe, Subilaga, aligoma kumfunga vifungo.

"Jifunge mwenyewe, baba. Au nenda hivyohivyo."

"Nikasimame mbele ya wakubwa kifua wazi?"

"Kifua wazi."

Akaenda, macho chini kwa aibu. Mlangoni mkono ulianza kuinuka kwa mazoea, akakumbuka shati. Askari hapigi saluti akiwa hajavaa sawasawa. Akaushusha.

"Funga shati, mzee, tuanze," akasema daktari mkuu, mama wa makamo.

Akajaribu. Vidole viliteleza kwenye kifungo, vikarudi, vikateleza tena, jasho likamtoka. Daktari aliacha kalamu, akavitazama vidole vile.

"Basi, mzee wangu," akasema hatimaye. "Inatosha. Utalipwa."

Nje, Subilaga alimtazama usoni mara moja tu, akajua. Akamsogeza kivulini, akaanza kumfunga vifungo kuanzia chini, taratibu, watu wakipita. Alipofika cha shingoni, Sajini akamshika kwa mkono wake mzima.

"Hicho kiache," akasema. "Kuna upepo mzuri."