Mabingwa Sebuleni kwa Makokha

Odyek alipanda juu ya stuli ili aitukane vizuri PHP, lugha ya kuandikia programu za kompyuta.

"Hiyo ni lugha ya mababu!" alifoka. "Wateja wakijaa, tovuti ikaanza kupumua kwa shida, mtakuja kumlilia nani?"

Sebule ilicheka mpaka vikombe vikagongana. Makokha naye alicheka, ingawa hakuelewa kinachochekesha. Nyumba yake ya mtaa wa Naguru ilikuwa imefurika: wengine kochini, mmoja juu ya jerikani, mmoja mlangoni, sahani za matoke mapajani. Siku zote alipenda nyumba ijae. Leo aliijaza kwa hofu.

Mdomo ndio uliomponza. Kwenye sherehe ya ubatizo alimwambia Huguette, Mkongo anayeuza vitenge sokoni Nakawa, kwamba kumtengenezea tovuti ya kupokea oda ni kazi ya kumenya ndizi. Huguette akaamini, akamwacha fundi wake. Kumbe Makokha ni muuza kava za simu, kompyuta aliijua kwa kutazamia mpira tu!

Ndipo akawaita watu wote aliowahi kuwasikia wakitaja kompyuta. Wabishane ni lugha ipi iandikiwe ile sehemu ya nyuma ya tovuti, inayopokea oda na kuzitunza. Atakayeshinda, amvute pembeni amsihi aifanye kazi kimyakimya.

"Ndugu zangu," alisema Barnabé akilamba vidole, "Python ni lugha ya wenye akili. Karibu ijiandike yenyewe."

"Banange! Na Node je?" Kidega alidakia. "Wateja elfu wakibisha hodi pamoja, hiyo Python yako si itasinzia?"

"Utasinzia wewe kwanza, na matoke hayo!"

Makokha alitikisa kichwa kama profesa. "Hapo kuna hoja," alisema, kama alivyosema kwa kila hoja tangu asubuhi.

Huguette, aliyekuja kuona kazi yake imefikia wapi, akaweka sahani chini. "Papa Makokha, vitenge vyangu haviuziki kwa kelele. Mwanzo wa kazi niuone leo, kwa macho yangu. La sivyo narudi kwa fundi wangu, na Nakawa nzima itajua sababu."

Nakawa nzima! Jasho likamtoka Makokha. Akaitisha kura hapo hapo, na Python ikapita; hata Kidega aliinua mkono, kwa shingo upande.

Makokha akaifungua kompyuta, akampelekea Barnabé kwa mikono miwili. "Bingwa, tuanzishie. Mistari miwili tu, mama aone."

Barnabé akafuta vidole kwenye suruali, polepole, kimoja kimoja. "Mbele ya Odyek? Mimi nina adabu. Mpeni mkubwa wangu."

Odyek akateremka stuleni. "Kwa wepesi wa kuandika, Kidega ananishinda."

Kidega akampisha wa kwenye jerikani, wa kwenye jerikani akampisha wa mlangoni, kila mmoja akimsifu mwenzake. Kompyuta ikazunguka sebule nzima, kwa heshima kubwa, ikarudi mapajani mwa Makokha bila kuandikwa hata herufi moja.