Pesti ya Kijivu Ilipokauka

Mtaa mzima huu hakuna kompyuta iliyowahi kunishinda. Dada alikuwa na usaili wa kazi kwa video mchana huo, nami nilikuwa nimeshambadilishia prosesa ya kompyuta yake. Ile pesti ya kijivu ya kupitisha joto kutoka kwenye prosesa hadi kwenye feni ilikuwa imekaukia kwenye bomba lake, lakini fundi hafi njaa kwa kukosa kijiko.

Nikaminya dawa ya meno juu ya prosesa, kiasi cha punje ya harage, nikakaza feni juu yake.

Kompyuta ikawaka, ikachemka, ikazima. Nilipofungua, dawa ilikuwa imekauka kama chokaa, na prosesa inanukia kuliko mdomo wangu.

Sikati tamaa mimi. Nikaifuta, nikaminya tena, safari hii bila ubahili, hadi bomba la dawa ya meno likabaki bapa mkononi mwangu.

“Mdogo wangu,” dada akasema mlangoni, mswaki mkavu mkononi, “hebu inua huo mkono nione.”